Binti yetu anataka udaktari: tumpeleke chuo chenye jina au kile cha hapa nyumbani?

BARUA

Shikamoo Dada Daktari,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ila kwa miaka mingi sasa tunaishi Houston, Texas. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, na mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Tuna watoto watatu na sote tuna grinikadi. Wa kwanza ni Zuhura, anamaliza sekondari mwaka huu. Toka akiwa mdogo hajataja kazi nyingine zaidi ya udaktari, na kwa kweli Mungu amemjalia kichwa: ni wa tatu katika darasa zima la mwisho.

Amepata vyuo viwili. Cha kwanza ni cha binafsi, kiko huko kaskazini mashariki, na jina lake hata mjomba wangu kule Pangani analijua. Wamempa msaada, lakini tumepiga hesabu na bado inabaki pengo la dola 34,000 kila mwaka. Cha pili ni chuo kikuu cha umma hapa hapa Houston. Hiki kimempa ufadhili wa ada yote, na kwa vile ana msaada wa Pell wa serikali, vitabu na nauli vitalipika. Anaweza kulala nyumbani.

Mume wangu hataki kusikia habari ya chuo cha hapa. Yeye alisoma Ilboru, na anasema jina la shule ndilo lililomfungulia milango yote ya ujana wake. Kila nikianza kusema ananijibu, "Jina jema hung'ara gizani." Anasema wale wa shule za udaktari wakiona chuo cha umma cha mjini wataiweka karatasi ya mtoto chini ya rundo, na tutakuwa tumemuua kwa ubahili wetu. Shemeji yangu naye anapiga simu kutoka Dar karibu kila wiki kumtia nguvu. Juzi amesikia kwamba siku hizi udaktari New York ni bure, kwa hiyo anasema tukope sasa bila woga, maana baadaye mtoto hatalipa kitu.

Mimi ninaogopa. Nina wadogo zake wawili nyuma. Lakini ninaogopa zaidi kwamba mume wangu anaweza kuwa anasema kweli, na kwamba miaka minane ijayo mwanangu ataniuliza kwa nini nilimzuia. Zuhura mwenyewe alikwenda kukitembelea hicho chuo kikubwa, akarudi amekipenda. Tangu ugomvi uanze amenyamaza, anasema "mtakavyoamua."

Dada, hawa wa shule za udaktari wanaangalia jina la chuo kwa kiasi gani? Tunatakiwa kujibu kabla ya tarehe 1 Mei.

Mama Zuhura, Houston

JIBU

Marahaba, Mama Zuhura mdogo wangu. Hongera kwanza. Mama wa zamu ya usiku na baba wa barabarani wamelea mtoto wa tatu katika darasa zima, na hilo ni la nyinyi wote wawili.

Siku zimebaki chache, kwa hiyo sitakuzungusha. Kwa hesabu ulizonipa, chuo cha Houston ndicho ningemchagulia mtoto wangu. Jina la chuo cha shahada ya kwanza lina uzito katika udahili wa shule za udaktari Marekani, lakini ni uzito mdogo, na haufiki popote karibu na dola 34,000 kwa mwaka. Hicho kikubwa kikipunguza pengo hadi kiasi mnachoweza kulipa bila mkopo mkubwa, mazungumzo yanaanza upya.

Mumeo hakosei kuhusu mahali alipokulia. Kwetu kijana anatoka kidato cha sita na kuingia moja kwa moja kwenye udaktari, iwe Muhimbili, Bugando au KCMC. Miaka mitano, halafu mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Mlango ni mmoja na unafunguka mara moja, na shule za vipaji kama Ilboru au Kilakala zilikuwa zinamsogeza mtoto karibu nao. Mtu aliyepita njia hiyo ana haki ya kudhani kwamba chuo atakachoingia Zuhura mwezi wa nane ndicho kitakachomfanya daktari. Hapa si hivyo. Kuna miaka minne ya shahada ya kwanza, kisha maombi mapya kabisa, kisha miaka minne ya shule ya udaktari, kisha mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu hadi saba. Kinachoitwa pri-medi hakina cheti chake. Ni orodha tu ya masomo: biolojia, kemia ya jumla, kemia ogania, fizikia, bayokemia, Kiingereza na takwimu, mengi yake yakiwa na maabara. Masomo hayo yanafundishwa katika kila chuo kikuu cha maana. Anaweza kuyachukua huku akisoma shahada ya historia, na shule za udaktari zitampokea.

Nimeshiriki usaili wa waombaji kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nakueleza nilichokiona mezani. Kinachotangulia ni namba mbili. Ya kwanza ni wastani wa alama za chuoni, GPA, na ndani yake wastani wa masomo ya sayansi peke yake. Ya pili ni mtihani wa kuombea shule za udaktari, MCAT, ambao alama zake zinaanzia 472 na kuishia 528. Kwa miaka ya karibuni, wanaoanza masomo katika shule zinazotoa shahada ya udaktari ya MD wana wastani wa GPA wa karibu 3.8 na MCAT ya karibu 512. Mwaka 2023 waliomba watu zaidi ya 52,000, wakaanza masomo karibu 23,000. Ukitazama namba hizo utaona kwamba zaidi ya nusu walirudi mikono mitupu, na wengi wao walitoka vyuo vizuri tu.

Huo MCAT ndio mtetezi mkubwa wa mtoto wa chuo cha umma. Ni mtihani mmoja kwa wote, unafanywa siku nzima, na mashine inayousahihisha haijui mtu katoka wapi. Mtoto wa Houston akileta 516, hakuna mtu kwenye kamati atakayesema alama zake za darasani zilikuwa za kupewa.

Baada ya namba, tunasoma habari za mtu. Amewahi kukaa na wagonjwa? Amefanya utafiti na anaweza kuueleza kwa maneno yake? Walimu wake wanamwandika kwa kumjua, au wamenakili barua ya mfano na kubadilisha jina? Anajua kwa nini anataka kazi hii? Jina la chuo limeandikwa pale juu ya karatasi, na siwezi kukudanganya kwamba macho hayalioni. Zipo shule za udaktari, hasa za binafsi zenye majina makubwa, ambazo hupenda kuchukua wanafunzi kutoka vyuo vinavyofanana nazo. Mwenye GPA ya 3.6 kutoka chuo kinachojulikana kwa ugumu anaweza kutazamwa kwa huruma kidogo kuliko mwenye 3.6 ya kwingine. Vyuo hivyo pia vina fedha za utafiti na washauri wenye muda. Faida hizo zipo. Lakini 3.4 ya chuo kikubwa haimshindi mwenye 3.9 ya chuo cha umma aliye na MCAT nzuri, na hapo ndipo watoto wengi huumia. Mtoto aliyekuwa wa tatu katika shule yake anakaa darasa la kemia ogania ambalo kila mmoja alikuwa wa tatu au wa kwanza kwao, na kama alama zinatolewa kwa kulinganishwa, lazima wengi wao wapate C. Kila C inabaki kwenye hesabu hadi siku ya maombi, hata akirudia somo.

Mumeo atakuambia, na ni hoja ya haki kabisa, kwamba wahitimu wa vyuo vikubwa huingia udaktari kwa wingi kuliko wengine. Ni kweli. Ila watoto hao walichujwa kabla ya kufika pale. Waliingia na alama za juu, wengi wana wazazi madaktari, na wana fedha za kulipia kozi za maandalizi ya MCAT. Wangeng'ara popote. Zuhura naye yuko katika kundi hilo kwa kichwa chake, na kichwa chake anakwenda nacho kokote.

Halafu kuna ule wimbo wa "asilimia 90 ya wanafunzi wetu walioomba udaktari walipata". Ukiukuta kwenye kijitabu cha chuo chochote, kikubwa au kidogo, uliza asilimia 90 ya nani. Vyuo vingi vina kamati ya ndani inayomwandikia mwombaji barua ya pamoja. Baadhi ya kamati hukataa kumwandikia mwenye alama za kati, au humshauri kwa upole asiombe mwaka huo. Wanaobaki ni wale ambao wangepita hata hivyo, na asilimia inapendeza. Swali linalofaa ni hili: kati ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliosema wanataka udaktari, wangapi walifika hatua ya kuomba? Zuhura akawaulize vyuo vyote viwili kwa barua pepe, wiki hii. Chuo kinachojibu kwa namba kinastahili heshima.

Sasa tuje Texas, kwa sababu kwenu jambo hili lina sura ambayo mzazi wa jimbo jingine asingekuwa nayo.

Shule za udaktari za umma za Texas zimefungwa na sheria: kwa kawaida wanafunzi kutoka nje ya jimbo hawaruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya wanaoingia kila mwaka. Sehemu kubwa ya viti vya Dallas, Galveston, San Antonio, Austin, Lubbock, El Paso na hapo hapo Houston vimewekwa kwa watoto wa Texas. Ada kwa mkazi wa jimbo ni sehemu ndogo ya ile ya shule za binafsi, ambazo zimekwisha kuvuka dola 60,000 kwa mwaka kwa masomo peke yake. Maombi ya shule hizo za umma yanapita katika mfumo wao wenyewe uitwao TMDSAS, na mwombaji analipa ada moja tu hata akiomba zote. Watu wa California wanatutazama kwa wivu. Kwa haki niseme pia kwamba Zuhura hapotezi ukazi wa Texas kwa kusoma kaskazini, maadamu nyinyi mnabaki Houston na bado mnamtunza. Kwa hilo peke yake vyuo viwili viko sawa.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho angekipoteza, na nadhani hakuna aliyewaambia. Mwaka 2001 Bunge la Texas liliunda mpango uitwao JAMP, kwa ajili ya vijana wa familia zenye kipato kidogo wanaotaka udaktari. Anayechaguliwa hupewa fedha za kujikimu, mafunzo ya majira ya joto ndani ya shule za udaktari na maandalizi ya MCAT, na akitimiza alama na masharti yaliyowekwa, anahakikishiwa kiti katika mojawapo ya shule za udaktari zilizomo kwenye mpango. Soma neno hilo tena, anahakikishiwa. Masharti yake ni pamoja na kuwa raia au mwenye grinikadi, kuwa mkazi wa Texas, na kusoma shahada ya kwanza ndani ya Texas, katika chuo kilichomo kwenye mpango. Vyuo vikuu vya umma vya jimbo vimo. Mtoto mwenye Pell ndiye hasa aliyekusudiwa. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo simwahidi mtu, ila akienda kaskazini mlango huo umefungwa siku hiyo hiyo. Akibaki, amtafute mwalimu anayesimamia JAMP chuoni kwake katika wiki za kwanza kabisa, kwa sababu maombi yake huja mapema na mtu hawezi kukumbuka akiwa mwaka wa tatu.

Kwa hiyo ukiniuliza chuo kinaathiri vipi udahili wa Zuhura, hapo ndipo kinapoathiri zaidi kuliko jina lolote.

Deni. Hapa nakuomba ukae na mumeo na karatasi. Pengo la 34,000 kwa miaka minne ni dola 136,000, kama chuo hakitapandisha ada, na vyuo hupandisha. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaweza kukopa serikalini kwa jina lake dola 27,000 katika miaka minne ya kawaida, mwaka wa kwanza 5,500 tu. Zilizobaki zinawaangukia nyinyi. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 imeweka kikomo kwa mkopo wa mzazi kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026: dola 20,000 kwa mwaka, na jumla 65,000 kwa kila mtoto. Jumlisha 27,000 na 65,000, unapata 92,000. Bado dola 44,000 ambazo mtazitafuta benki, kwa riba ya benki na sahihi ya baba. Hata ule mkopo wa serikali kwa mzazi si wa mchezo. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 riba yake ilikuwa asilimia 8.94. Na wadogo zake wawili hawajaanza.

Sheria hiyo hiyo imeugusa udaktari wenyewe. Zamani mwanafunzi wa udaktari aliweza kukopa serikalini gharama zote za shule. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026 mkopo ule umefungwa, na kikomo ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Shule nyingi za binafsi, ukiweka ada, pango na chakula, zinazidi hapo kwa mbali. Mtoto anayefika mwaka wa kwanza wa udaktari akiwa na familia isiyodaiwa ana uhuru wa kuchagua. Aliyefika na deni la 136,000 nyuma yake anaweza kupokelewa na akashindwa kwenda. Hili linaniuma, kwa sababu nimewaona vijana waliokwishavuka kila mtihani wakisimamishwa na karatasi ya benki.

Shemeji yako wa Dar amesikia habari ya kweli, ila ameisikia nusu. NYU, yaani Chuo Kikuu cha New York, iliondoa ada kwa wanafunzi wake wote wa udaktari mwaka 2018. Shule ya udaktari ya Albert Einstein, kule Bronx, ilifuata mwaka 2024 baada ya Ruth Gottesman kuipa zawadi ya dola bilioni moja. Mwaka huo huo Johns Hopkins nayo ilitangaza kufuta ada kwa wanaotoka familia zenye kipato chini ya dola 300,000. Ni mambo makubwa na ninayafurahia. Lakini tangu ada ifutwe, kila mwenye alama za juu nchini anagombea viti hivyo vichache. Isitoshe, ada ikifutwa, pango na chakula vinabaki, na deni la shahada ya kwanza linabaki lote. Mtoto akipata kiti kule, tutasherehekea. Huwezi kukopa leo kwa kutegemea kiti hicho.

Kama mumeo anataka majina, mpe haya. Regina Benjamin alisoma shahada ya kwanza Xavier University of Louisiana, chuo kidogo cha Wamarekani Weusi kule New Orleans, akaanza udaktari Morehouse na kuumalizia Alabama. Mwaka 2009 akawa Daktari Mkuu wa Marekani. Jerome Adams alisoma chuo cha umma cha Maryland kilichoko nje kidogo ya Baltimore, UMBC, kwa ufadhili, kisha udaktari Indiana, shule ya umma. Naye akashika kiti kile kile mwaka 2017. Kati yao alikaa Vivek Murthy, aliyetoka Harvard na Yale. Watu watatu, kiti kimoja. Na Xavier, chuo ambacho huenda mjomba wako wa Pangani hajapata kukisikia, kwa miaka mingi kimekuwa mstari wa mbele nchini kwa kutoa Wamarekani Weusi wanaokwenda kumaliza udaktari. Kinafanya hivyo kwa walimu kuwakalia wanafunzi karibu katika yale masomo magumu ya mwaka wa kwanza na wa pili.

Hilo la walimu ndilo wasiwasi wangu na chuo chenu cha Houston, na ninalisema wazi. Vyuo vikubwa vya umma vina madarasa ya kemia ya mamia ya watu, na mshauri mmoja anahudumia wanafunzi wengi kupita kiasi. Mtoto mpole anaweza kupata A zake zote na kumaliza bila mwalimu hata mmoja kumjua jina. Halafu anahitaji barua za mapendekezo, na barua zinakuja kavu. Zuhura aulize kama chuo kina kitengo cha wanafunzi wa heshima (honors), chenye madarasa madogo, na aombe kuingia. Aende ofisini kwa walimu saa zile walizotenga, hata kama hana swali kubwa. Aingie maabara ya utafiti kufikia mwaka wa pili. Na asiichukue sayansi yote ngumu kwa mpigo muhula wa kwanza ili kuonyesha ushujaa. Wengi walioharibu GPA waliiharibu katika mwaka wa kwanza.

Mahali penyewe mlipo ni utajiri. Texas Medical Center, mji wa hospitali mkubwa kuliko wote duniani, uko hapo kwenu, na MD Anderson na Texas Children's zimo ndani yake. Wapo watoto wanaovuka nchi nzima kuja kujitolea pale majira ya joto, yeye atapanda basi. Tena ana mama CNA. Achukue cheti hicho mwenyewe na afanye kazi wikiendi. Kumgeuza mzee kitandani, kumwosha, kumlisha, kukaa naye anapokata roho, hayo hayafundishwi kwenye kitabu, na kwenye usaili tunamtambua mtu aliyeyafanya dakika ya kwanza anapoanza kuyasimulia. Wengi wetu tunaona haya kuitaja kazi hii mbele ya wenye makoti meupe. Asione haya hata kidogo. Na Kiswahili chake pia ni kazi: Houston ina familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zinazohangaika kliniki kwa kukosa lugha. Apate mafunzo ya ukalimani wa hospitali kwanza, maana kutafsiri dawa kwa kubahatisha ni hatari, kisha aombe kuwahudumia.

Amebaki Zuhura. Mama, "mtakavyoamua" ya mtoto wa miaka kumi na minane aliyependa mahali fulani si jibu. Mtoe nje, nyinyi wawili tu, bila baba na bila simu ya Dar, umuulize alikipendea nini chuo kile. Akikuambia ni maabara au madarasa madogo, vitu hivyo vinatafutika Houston. Akikuambia anataka kuishi mbali na nyumbani, apumue, basi fikirieni bweni, hata kwa mwaka mmoja, na muulize chuo kama ufadhili unaweza kusaidia. Lazima pia umuulize kama bado anautaka udaktari. Wanafunzi wengi wanaoanza pri-medi huacha njiani, na si aibu. Kama moyo wake umeanza kwenda kwenye benki kubwa za New York au siasa za Washington, jina la chuo lina nguvu zaidi huko kuliko kwetu, na mizani yangu ingebadilika kiasi.

Kwa mumeo, usiende na neno "hatuwezi". Mwanamume aliyesoma Ilboru na leo anaendesha lori usiku kucha ili mwanawe asome akisikia "hatuwezi" anasikia kwamba ameshindwa, na hajashindwa. Nenda na karatasi ya mkopo na karatasi ya JAMP, uziweke pamoja, mwache asome mwenyewe. Mwambie hamjamnyima mtoto mlango. Mnamtunzia fedha za mlango wa pili, ule wa shule ya udaktari, ambao jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye cheti kitakachotundikwa ukutani.

Na kabla ya yote hayo, kesho asubuhi ukitoka zamu, piga simu ofisi ya misaada ya fedha ya kile chuo kikubwa. Omba watazame upya. Waeleze kipato cha lori kinavyopanda na kushuka, waambie kuna watoto wawili nyuma, na kama mnatuma fedha za matibabu ya wazazi Tanga, peleka risiti. Vyuo vyenye akiba kubwa hubadilisha barua zao mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila haviwezi kubadilisha kwa mtu ambaye hakuomba. Wakishuka hadi dola elfu chache kwa mwaka, niandikie tena kabla ya tarehe 1 tupime upya, JAMP ikiwa upande mmoja wa mizani. Wakikataa, mtie sahihi ya Houston. Na Zuhura akiwa na swali lake kuhusu masomo ya muhula wa kwanza, aniandikie mwenyewe, nitamjibu.